Nani Atamwagilia Nyasi? Hesabu ya Kujenga Upya Uwanja wa Chuo Bagamoyo



Nimeombwa nieleze kama kujenga upya uwanja wa michezo wa chuo katika pwani hii kunalipa. Nitajibu mapema ili asiwepo wa kungoja jibu hadi mwisho. Kunalipa, lakini si kwa sababu zinazotajwa kwenye maandiko ya miradi. Mapato ya mlangoni hayatalipia uwanja huo. Mashindano ya AFCON ya 2027, ambayo nchi yetu itayaandaa pamoja na Kenya na Uganda, hayatalipia. Utalipiwa na watu wanaokuja kulala hapa, na utadumu endapo tu fedha za matunzo zimetengwa kabla mkandarasi hajaleta tingatinga.

Tuanze na jambo lililotokea katika mji huuhuu. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa mwaka 1981, baada ya serikali kuvihamishia huku vikundi vya taifa vya ngoma, maigizo na sarakasi, na leo tunakiita TaSUBa. Mwaka 2002 ukumbi wake wa maonyesho uliungua. Chuo cha sanaa kisicho na jukwaa ni sawa na chuo cha uvuvi kisicho na bahari, na kila aliyeupenda mji huu aliumia. Walimu waliendelea kufundisha, tamasha la kila mwaka likaendelea, na wafadhili wa Skandinavia wakatoa fedha. Ukumbi mpya, mkubwa kuliko ule wa zamani, ukasimama pale karibu na ufukwe. Mwaka 2007 chuo chenyewe kikageuzwa kuwa wakala wa serikali, chini ya ile sheria ya wakala ya mwaka 1997 inayozitaka taasisi za namna hiyo zijiendeshe kibiashara na zitafute mapato yake.

Hayo mambo mawili yatazameni kwa pamoja. Jengo kubwa lilitoka kwa mfadhili, na wajibu wa kuzalisha fedha ukabaki kwa taasisi. Mfadhili hulipia saruji, chuma na viti. Halipii LUKU ya mwezi wa tano wala rangi ya mwaka wa sita, wala fundi wa kupanda juu ya paa upepo wa kusi ukishang'oa bati. Chumvi ya bahari haijui kama jengo ni la msaada au la mkopo. Kila aliyejenga nyumba umbali wa kuusikia upepo wa hapa anajua misumari inavyooza, bawaba zinavyokwama, na nondo zilizofunikwa na zege jembamba zinavyovimba hadi ukuta ukapasuka kwa ndani. Tamasha huchukua siku chache katika mwaka. Siku zote zilizobaki jengo linakula, na kinacholilisha ni bajeti ya taasisi yenye walimu wa kulipa na wanafunzi wa kufundisha.

Silaumu mtu kwa hayo. TaSUBa imeuweka mji huu kwenye ramani ya sanaa ya Afrika Mashariki, na ukumbi ule ulistahili kujengwa. Ninachosema ni kwamba chuo kingine cha pwani hii kinachotaka kujenga uwanja hakina haja ya kwenda Ulaya kutafuta mfano. Mfano upo, na mnaweza kuufuata kwa miguu mkitoka hapa.

Sasa twende kwenye viwanja vyenyewe. Uwanja wa Benjamin Mkapa ulifunguliwa mwaka 2007, wenye nafasi ya watazamaji 60,000, China ikiwa imechangia ujenzi. Mwaka 2023 serikali ilitia saini mkataba wa kuukarabati kwa shilingi bilioni 31. Wengi walipigia kelele ukubwa wa kiasi hicho. Mimi nilichukua kalamu nikagawanya. Bilioni 31 kwa miaka 16 ni karibu bilioni 1.9 kwa mwaka. Ukigawanya tena kwa viti 60,000, unapata shilingi 32,000 na ushee kwa kila kiti, kila mwaka. Maana yake ni kwamba tangu siku ya kwanza kila kiti pale kilikuwa kinatudai 32,000 kwa mwaka, kimepata mtu wa kukikalia au hakikupata. Deni hilo halikuandikwa popote, likaja lote kwa pamoja. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nasi tulikosa daftari kwa miaka 16.

Ichukueni 32,000 hiyo kama kipimo cha chini, kisha mkilete chuoni. Uwanja wa chuo wenye viti 3,000 utahitaji kuweka akiba ya shilingi milioni 96 kwa mwaka, yaani milioni 8 kila mwezi, kwa ajili ya ukarabati mkubwa utakaokuja. Hapo sijahesabu maji, umeme, wala mishahara ya walinzi na watunza nyasi. Chuo kikijenga viti 10,000 kwa sababu mchoro ulipendeza, deni hilo linafika milioni 320 kwa mwaka. Ndiyo maana nasema ukubwa wa jukwaa ni uamuzi wa fedha kabla haujawa uamuzi wa mchoraji.

Wapo wanaosema fedha za ujenzi zinaweza kukopwa, na majirani zetu wa Kenya wametuonyesha namna. Uwanja wa Talanta jijini Nairobi, wa watazamaji 60,000, unajengwa kwa hati fungani iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa la Nairobi mwaka 2025. Ni shilingi za Kenya bilioni 44.79, kwa miaka 15, na mwekezaji ameahidiwa faida ya asilimia 15.04. Deni lote likishachukuliwa, riba ya mwaka mmoja mwanzoni ni kama bilioni 6.7, zaidi ya milioni 18 za Kenya kila siku, mechi iwepo isiwepo. Serikali yenye mfuko wa kodi za michezo ya kubahatisha inaweza kuubeba mzigo huo, na Wakenya wana haki ya kuamua wanachokitaka. Chuo hakiwezi. Mapato ya chuo ni ada na ruzuku, na vyote viwili vina kazi nyingine.

Mkiona natia chumvi, sikilizeni habari ya Chuo Kikuu cha California pale Berkeley, chuo tajiri kuliko vyuo vyetu vyote tukivijumlisha. Uwanja wao wa Memorial, uliofunguliwa mwaka 1923, umekaa juu ya ufa wa ardhi wa Hayward, kwa hiyo kuujenga upya kwa ajili ya usalama lilikuwa jambo la lazima. Walitumia dola milioni 321 na kuufungua tena mwaka 2012. Hesabu yao ilitegemea mashabiki kununua haki ya kukalia viti vizuri kwa miongo kadhaa, kwa bei ya makumi ya maelfu ya dola kwa kiti. Wanunuzi hawakufikia idadi iliyotarajiwa. Deni likabaki, sehemu yake ikiwa na muda wa kulipwa unaovuka karne hii, na mwishowe chuo chenyewe kikalazimika kubeba sehemu ya mzigo uliokuwa wa idara ya michezo. Wenye wahitimu mabilionea walikwama kwa kutegemea viti vya bei kubwa. Sisi tukiletewa mchoro wenye vyumba vya wageni mashuhuri kama chanzo kikuu cha mapato, tuurudishe mezani kwa aliyeuchora.

Sasa nifike kwenye hoja ya uchumi wa mji, maana ndiyo inayotumiwa zaidi na ndiyo inayokosewa zaidi. Husemwa kwamba uwanja utaleta fedha Bagamoyo. Wachumi Roger Noll na Andrew Zimbalist walihariri kitabu mwaka 1997 kuhusu viwanja vya Marekani vilivyojengwa kwa fedha za umma, na walichokikuta ni kwamba manufaa kwa uchumi wa miji yalikuwa madogo sana ukilinganisha na ahadi. Sababu yake ni rahisi. Mtu wa Dunda aliyelipa kiingilio Jumamosi ndiye yule ambaye angenunua pweza na kahawa Jumamosi hiyohiyo. Fedha yake imehama kibanda, haijaongezeka mjini.

Fedha mpya ni ya mgeni. Lakini na yeye mgeni tumtazame vizuri. Dar es Salaam ipo kilomita 70 hivi kutoka hapa. Shabiki anapanda basi Makumbusho asubuhi, anatazama mechi, anakunywa soda moja na kula mihogo, na magharibi inamkuta Bunju akirudi kwake. Ukaribu wa Dar ni baraka ya barabara, ila kwa uwanja unaotegemea watazamaji ni hasara, kwa sababu mgeni wetu halali. Gesti haimwoni, mama lishe wa usiku hamwoni, na mvuvi aliyeleta samaki sokoni kumwandalia kifungua kinywa anaondoka na samaki wake.

Anayelala ni mchezaji aliyeko kambini.

Hapa ndipo chuo kinapokuwa na mali ambayo Uwanja wa Mkapa hauna na ambayo halmashauri nyingi hazina. Chuo kina mabweni na bwalo. Kina zahanati, kina uzio, kina ukumbi wa kuonyeshea mkanda wa mechi, na kina utulivu. Kwa wiki kadhaa za likizo ndefu, kuelekea mwanzo wa mwaka mpya wa masomo, mabweni hayo hukaa matupu. Nazo timu zetu hufanya maandalizi ya msimu katikati ya mwaka, likizo zikiwa zinakaribia au zimeanza. Ligi Kuu pekee ina timu 16, na chini yake kuna Ligi ya Championship, ligi ya wanawake, timu za vijana, netiboli, riadha, mashindano ya shule. Simba walijenga viwanja vyao vya mazoezi Bunju, kwenye barabara hiihii ya kuja kwetu. JKT Tanzania wana uwanja wao wa Meja Jenerali Isamuhyo pale Mbweni. Azam walijijengea Chamazi. Yanga wamekuwa wakikaa Avic Town, Kigamboni. Klabu zenye uwezo zimekwishajua thamani ya mahali pa kulala na kufanya mazoezi bila kelele za jiji, na mashabiki wa zamani wanakumbuka Simba na Yanga wakivuka bahari kwenda Unguja na Pemba kujificha kabla ya mechi ya watani. Klabu ndogo zinahitaji utulivu huohuo, na haziwezi kujenga.

Tupige hesabu, na hizi ni namba za mfano. Tuseme timu moja inaleta watu 35, wachezaji pamoja na benchi la ufundi, wanakaa siku 14. Hizo ni siku 490 za malazi, ukihesabu kila mtu na kila siku. Tuseme wanatozwa shilingi 40,000 kwa mtu kwa siku, kulala, kula na kutumia uwanja. Timu moja inaleta milioni 19.6. Toa nusu kwa chakula, maji, usafi na wahudumu, chuo kinabaki na milioni 9.8. Kambi kumi kwa mwaka zinatoa milioni 98, na ile akiba ya milioni 96 imepatikana bila kumgusa mwanafunzi. Kambi kumi si rahisi kuzipata, zinahitaji mtu mmoja mwenye simu na kalenda, anayelipwa kwa kazi hiyo na anayezijua klabu kwa majina. Lakini zinawezekana. Linganisheni na mlango. Viti 3,000 vikijaa vyote kwa kiingilio cha shilingi 3,000 ni milioni 9, kabla ya makato, kabla ya polisi na wakaguzi wa tiketi. Uwanja wa mji wetu utajaa mara ngapi kwa mwaka? Kambi moja ya wiki mbili inamwachia mwenye uwanja zaidi ya mechi iliyojaa hadi mtu wa mwisho. Na kambi ndiyo inayomlipa mpishi, dobi, dereva wa bajaji na muuza madafu, usiku na mchana, kwa wiki mbili mfululizo.

Ukikubali hesabu hiyo, mchoro wote unabadilika. Fedha nyingi inahama kutoka jukwaani kwenda kwenye eneo la kuchezea na vyumba vya kubadilishia nguo. Kocha hakodishi viti, anakodisha nyasi. Kwa hiyo niseme kidogo juu ya nyasi, maana huko ndiko miradi mingi inakofia.

Eneo la kuchezea la mita 105 kwa 68 ni mita za mraba 7,140. Katika kiangazi cha pwani, wakati wa kaskazi, Januari na Februari, nyasi inaweza kuhitaji maji ya kina cha milimita 5 kwa siku. Zidisha, unapata lita 35,700. Hayo ni maboza matatu na nusu ya lita elfu kumi, kila siku jua linapowaka. Bagamoyo huwezi kuchimba kisima popote ukatarajia maji baridi, sehemu nyingi karibu na bahari unakuta maji ya chumvi, na ukivuta kwa pupa hata kisima kizuri hugeuka. Kwa hiyo kabla ya kuchagua mkandarasi wa jukwaa, chuo kipime maji ya visima vyake. Kijenge matangi ya kuvuna maji ya masika kwenye mapaa ya mabweni. Kipande ukoka au aina nyingine inayovumilia chumvi, si mbegu ya nchi za baridi iliyopendeza kwenye picha. Mtunza nyasi aajiriwe mapema, apate mashine ya kukata yenye vipuri vinavyopatikana Kariakoo.

Kuhusu nyasi bandia, nazo zina nafasi yake. Mwaka 2021 serikali ilianza kuzisamehe Kodi ya Ongezeko la Thamani kwa viwanja vya mpira, ikianzia majijini, na hatua hiyo ilisaidia. Hazinywi maji namna ile, na zinachezewa asubuhi hadi usiku. Lakini huchakaa, na baada ya miaka minane au kumi inabidi zing'olewe zitandikwe nyingine. Jua la mchana la pwani linaziunguza hadi mchezaji analalamika nyayo. Anayezichagua aanze kuweka akiba ya kapeti la pili siku ileile anapotandika la kwanza. Kwa chuo chenye wanafunzi wengi na maji haba, ningeshauri kiwanja kidogo cha pembeni kiwe cha nyasi bandia kwa matumizi ya kila siku, na kile kikubwa kibaki cha nyasi asilia kwa ajili ya kambi.

Lipo suala la nani atoe mtaji wa kujenga. Sitalizungushia maneno. Wanafunzi wasitozwe. Mwanafunzi anayesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo akiongezewa tozo ya uwanja, anaongezewa deni atakalolilipa akiwa na watoto. Wahitimu waombwe, na waombwe kwa kitu wanachoweza kukiona, tangi, mlingoti wa taa, chumba cha kubadilishia nguo cha wasichana. Halmashauri ya Bagamoyo ishiriki, kwa sababu ushuru wa huduma kutoka gesti na migahawa utaingia kwake. Serikali kuu inao Mfuko wa Maendeleo ya Michezo, na hoja ya chuo itakuwa na nguvu kikipeleka kalenda ya kambi zilizokwishawekewa ahadi badala ya picha ya jukwaa. Mfadhili wa nje akija, karibu, ila mkataba useme kwamba sehemu ya msaada inakaa benki kama mfuko wa matunzo, na chuo kinatumia faida yake tu. Mfadhili anayekataa sharti hilo anatujengea deni.

Yupo atakayesema nafikiri kidogo mno, kwamba bandari inakuja, barabara ya Pangani inajengwa kupitia Makurunge na Saadani, wageni watajaa, tujenge kikubwa sasa. Naiombea mema barabara hiyo. Lakini jiwe la msingi la bandari ya Bagamoyo liliwekwa Oktoba 2015, na kufikia mwaka 2019 mradi ulikuwa umesimama. Kuna watu hapa walinunua viwanja na kujenga hoteli kwa kuiamini tarehe ile. Chuo kisifanye biashara kwa kutegemea tangazo. Kijenge jukwaa dogo upande mmoja, kiache nafasi upande wa pili, na siku watu wakija kweli, msingi upo.

Na kuna faida isiyoingia kwenye daftari ambayo lazima iandikwe kwenye masharti ya uwanja tangu mwanzo. Watoto wa mji huu wanacheza Mwanakalenge, wanacheza ufukweni maji yakitoka, wanacheza popote. Uwanja wa chuo uwe na siku zao katika wiki, bila malipo, zisizofutwa na kambi yoyote. Wasichana wa shule zetu wapate saa zao, na taa ziwake hadi wafike langoni salama. Chuo kinachojifungia uwanja wake kinakosa marafiki siku kinapohitaji kura ya diwani.

Kwa hiyo naliomba baraza la chuo chochote cha pwani hii, kuanzia hapa hadi Pangani. Msitie saini mkataba wa ujenzi kabla hamjaona kwa macho yenu cheti cha vipimo vya maji ya kisima, akaunti ya matunzo yenye fedha ndani, na barua za klabu zilizokubali kuleta kambi mwaka wa kwanza. Vikikosekana hivyo, ahirisheni, hata kama mgeni rasmi amekwishaalikwa. Vikiwepo, jengeni mwaka huuhuu.